Tatu Nukta Tisa

Nyuma ya gari la shemeji yangu, chini kidogo ya taa, pamebandikwa namba 3.9 kwa rangi ya fedha. Gari lilikuwa halijamaliza wiki hapa Bel-Air, Lubumbashi, na namba hiyo imeshapata fasiri tano. Vijana waosha magari walisema ni ukubwa wa injini, lita tatu nukta tisa, wakatikisa vichwa kama watu waliowahi kuifungua. Jirani wa kushoto alisema ni uzito kwa tani. Watoto wa shule walisema ni alama alizopata mwenye gari, kati ya ishirini. Mwenye duka la kona alisema ni bei, dola elfu thelathini na tisa, nukta imewekwa ili kuwapoteza wezi. Tangu siku hiyo akakataa kumkopesha dada yangu hata robo ya sukari. Pasta naye akasema ni andiko: Mwanzo, sura ya tatu, mstari wa tisa, pale Mungu anapomtafuta Adamu naye Adamu amejificha kwenye miti. Watu wanaomdai shemeji waliipenda zaidi fasiri ya pasta.

Ukweli ni sekunde. Gari lenyewe ni BYD Han, sedani ya umeme ya Kichina, na namba ile ni muda linaotumia kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kutoka geti la shemeji hadi shimo la kwanza la barabara yetu kuna hatua kumi na moja. Nimezihesabu mwenyewe, kwa sababu ni mimi niliyepewa usukani Jumapili ya kwanza kuipeleka familia kanisani. Kwa hesabu yangu, sekunde ya pili ingetukuta shimoni, na hiyo moja na ushei iliyobaki ingetutosha kusali.

Nitangulize kusema kwamba gari halina kosa katika habari hii. Walilichora chini ya Wolfgang Egger, Mjerumani aliyewahi kusimamia michoro ya Audi, na sidhani kama kuna aliyemwonyesha picha ya mtaa wetu mwezi wa Januari. Lilitoka mwaka 2020, likapewa jina la enzi ya wafalme wa Han. Urefu wake unakaribia mita tano, uzito wake umepita tani mbili, na taa zake za nyuma zimesukwa kama lile fundo la uzi mwekundu ambalo Wachina hulitundika nyumbani kutafuta baraka. Kampuni yenyewe ilianza Shenzhen mwaka 1995 kwa kutengeneza betri, zikiwemo za simu. Magari yalikuja baadaye, kama fundi wa vifungo aliyeishia kushona suti. Makosa yote yanayofuata ni ya ukoo wetu.

Shemeji anauza tomson, yule samaki wa barafu anayetoka bahari ya Namibia na asiyekosekana kando ya bukari katika nyumba za Lubumbashi. Depo yake iko karibu na soko la Kenya (Kenya yetu, komuni ya jiji, si jamhuri). Ng'ambo ya barabara yuko muuza tomson mwingine. Mwaka juzi huyo mwingine alinunua Land Cruiser nyeupe, akawa kila asubuhi akifika anaiacha injini ingurume dakika tano nzima kabla ya kushuka, ili mtaa ujue kwamba ameamka. Shemeji hakusema neno. Alikwenda Guangzhou kununua mafriji sita ya depo, akarudi na mafriji sifuri na risiti ya gari moja.

Ndipo nilipojifunza kwamba sababu ya kuchagua gari hutegemea ni nani anayeuliza. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akisubiri mafriji, aliambiwa habari za mafuta: kwamba petroli yetu inasafiri kwa malori kutoka bandari za nchi za watu, kwamba malori yakichelewa unabaki mikononi mwa kadhafi, wale vijana wa kando ya njia wenye vibidoni na funeli, kwamba gari la umeme halijui lori wala kadhafi. Pasta aliambiwa habari za hewa safi na uumbaji. Wanaume wa ukoo, wakiwa wamezunguka sahani ya michopo, waliambiwa jambo zito kuliko yote.

"Bashinwa banabeba mawe yetu, banaenda kufanya mamotoka," alisema, akiwa ameshika mbavu ya mbuzi kama kipaza sauti. "Sasa miye nimerudisha jiwe nyumbani."

Hapo hata mimi nilisisimka. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Sisi tunaoishi Lubumbashi tunaiona ikipita: malori yaliyofunikwa maturubai, mstari mrefu wa kwenda mpakani Kasumbalesa, halafu kimya. Mtu akikuambia kwamba tone moja la mto ule limegeuka betri, limerudi, liko chini ya kiti alichokalia dada yako, utaacha michopo ipoe. Tarehe 22 Februari 2025, serikali ilipofunga usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, shemeji alitembea wiki nzima kama mtu mwenye kilo za mwisho za dunia chini ya viatu vyake.

Habari ya Land Cruiser hakumwambia mtu. Hiyo tuliijua bila kuambiwa.

Gari lilikuja kwa njia ya Dar es Salaam, juu ya lori, likapita Tunduma, likaivuka Zambia likiwa limelala, likafika mpakani nami nikaitwa kusaidia kujaza fomu. Fomu iliuliza idadi ya silinda. Nikaandika sifuri. Karani aliniangalia kwa upole, kama mwalimu anavyomwangalia mtoto wa watu wema.

"Papa, motoka bila silinda ni pusu-pusu."

Nikamwonyesha karatasi za Kichina. Akazigeuza juu chini, chini juu, akaniuliza zinasema nini. Nikamwambia sijui. Akauliza kwa nini basi nimeitwa mimi. Swali hilo lilinifuata hadi nyumbani.

Niliitwa kwa sababu mimi ndiye mtu wa lugha katika ukoo. Natafsiri vijitabu vya kanisa na matangazo ya chanjo, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili bora, ambacho ndicho jina tunalokipa hapa Kiswahili cha vitabuni ili kukitenga na hiki chetu. Ukoo wangu unaamini kwamba lugha ni kama udereva: ukishapata leseni unaendesha chochote. Na gari hili, likiwa limetengenezwa kwa ajili ya soko la China, liliongea Kichina tu. Katikati yake kuna kioo kikubwa kama sinia ya harusi, inchi 15.6, ambacho ukikigusa mahali fulani kinazunguka chenyewe, kutoka wima hadi mlalo. Kila kitu kimo humo: ubaridi, redio, taa, viti. Shemeji alinikalisha mbele yake akasema, "Soma."

Nilibonyeza kialama kilichofanana na feni. Viti vikaanza kupata moto. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Lubumbashi jua linakuita kwa jina lako. Nilibonyeza tena ili vizime, vikapanda daraja la pili. Tulikwenda kanisani tukiwa tumeiva upande wa chini, na dada yangu, aliyekuwa amevaa kitenge kipya, alisimama ibada nzima. Pasta akadhani ni upako.

Msaada ulikuja kwa jirani mmoja aliyefanya kazi ya ukalimani kwa Wachina wa mgodini. Alitusomea vialama vyote, tukavibandikia vikaratasi: ubaridi, moto, usiguse, usiguse kabisa. Kabla ya kuondoka akatufunulia siri. Ndani ya gari kuna mtumishi wa sauti, jina lake Xiao Di. Ukitaka aamke unamsalimia: "Nihao, Xiao Di." Naye anaitika, halafu unamtuma. Watoto walishinda siku nzima wakimwamsha, masikini, hadi nikamhurumia kama yaya wa nyumba ya watu wengi.

Lakini kilichomuumiza shemeji hakikuwa Kichina. Kilikuwa ukimya. Asubuhi ya kwanza alifika depo, akasimamisha gari mbele ya mlango, akangoja. Hakuna aliyegeuka. Gari hili likienda polepole hutoa mvumo mdogo, kama friji iliyo chumba cha pili, na mbele ya depo ya samaki mvumo wa friji haumshtui mtu. Ng'ambo, Land Cruiser ilinguruma dakika zake tano. Shemeji alibaki ndani ya gari la dola nyingi kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya viziwi. Mwishowe akapiga honi, na honi, kila mtu anajua, hata Ist ya teksi inayo.

Ukimya huo ulituletea matatizo mengine. Wauza makala, yaani mkaa, wa Lubumbashi huingia mjini na baiskeli zilizobeba magunia hadi mwendeshaji haonekani. Hawaangalii nyuma, hawawezi, wanaishi kwa masikio. Mara tatu nimemfuata muuza makala kwa dakika nyingi, mimi sithubutu kupiga honi asije akaanguka, yeye hajui kwamba nyuma yake kuna enzi nzima ya wafalme wa China inayotembea kwa mwendo wa mguu.

Nilijaribu kumfariji shemeji kwa historia. Nikamwambia kwamba gari la kwanza kupita kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme, na aliyeliendesha alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, mwezi Aprili 1899, miaka kumi na moja kabla mji huu haujaanzishwa. Akapendezwa. Akauliza aliishiaje. Nikasema ukweli: mwaka 1913, akiwa mawindoni na rafiki zake, alijificha kichakani akaiga mlio wa nguruwe pori ili kuwatania, na rafiki mmoja akampiga risasi. "Unaona, shemeji?" nikamalizia. "Gari la kimya halikumfanya kitu. Kilichomuua ni kelele." Shemeji alinitazama kwa muda mrefu, na wiki ile hakunipa usukani.

Aliponirudishia ndipo ilipotokea habari ya Chaussée de Kasenga. Tulikuwa tumekwama kwenye msongamano, vioo vya madirisha vimeshushwa, dada yangu kando yangu. Vijana wawili wapigadebe wa teksi-basi, wakikimbizana, waligonga kioo chetu cha pembeni kikakunjika kama sikio la mbuzi, wakapotea kwenye watu. Polisi wa barabarani akaja kuuliza. Watu wakajaa. Wakati huo huo nikawaona wale wawili wamejibanza nyuma ya mama muuza mikate. Mtu mwingine yeyote wa mji huu angesema "Njo bale!" na mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nimekula Kiswahili bora miaka ishirini. Nilinyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya tangazo la chanjo:

"Ni hao! Shahidi ninaye!"

Ndani ya gari, sauti ya kike, laini, ikaitika kwa Kichina.

Polisi akainama dirishani. "Nani eko ndani?"

"Hakuna mtu," nikasema.

"Nimesikia mwanamuke."

"Ni gari."

Aliangalia kiti cha nyuma. Akaangalia chini ya kiti cha nyuma. "Anasema nini?"

"Sijui."

"Si weye njo mwenye kumuita?"

Xiao Di, ambaye hakuwahi kuambiwa arudi kulala, aliyasikia maneno yote hayo na kujitahidi kuyafanyia kazi. Sijui katika Kichina "njo mwenye kumuita" inafanana na nini, ila kile kioo kikubwa kilianza kuzunguka polepole, kutoka mlalo hadi wima, chenyewe. Umati ulirudi nyuma hatua tatu kwa pamoja, na wale vijana wawili wakarudi nao. Mama mmoja akasema amefungiwa Mchina kwenye boneti, afunguliwe. Boneti ikabidi ifunguliwe. Hapakuwa na Mchina, wala injini ya kueleweka, na hilo la pili ndilo lililoleta maneno zaidi. Dada yangu alikaa muda wote akitazama mbele, kama mtu aliyepanda gari la watu asiowafahamu. Tulipoachiliwa akaniambia neno moja tu: "Mudogo wangu, tangu leo ukiwa ndani ya motoka hii, ongea kama shiye."

Na sasa umeme. Betri ya gari hili inabeba kilowati-saa 76.9. Kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, hizo ni saa thelathini na tano za umeme usiokatika. Msomaji wa Lubumbashi ameshacheka. Kwa wengine nitaeleza. Mtaani kwetu umeme huja kama mjomba wa mbali: usiku, bila taarifa, na kabla hujamwandalia chakula amekwisha ondoka. Kampuni inayohusika ina jina la Kifaransa la mgawo huu wa umeme, na sisi tumelifanya letu, delestaji. Shemeji aliacha waya umechomekwa mchana na usiku, akawa anaamka saa nane kwenda kuangalia asilimia, kama mtu mwenye mgonjwa. "Imefika arobaini na moja," anamwambia dada yangu gizani. Kesho yake, arobaini na tatu.

Nikiwaza sana jambo hili napata kizunguzungu. Mwaka 1982 ulikamilika waya wa umeme wa kilomita zipatazo 1,700, kutoka Inga, jirani na bahari, hadi Kolwezi, ukipita juu ya vijiji vinavyokoka kuni chini yake, kwa ajili ya migodi. Umeme unasafiri mbali namna hiyo ili kuchimba kobalti, kobalti inasafiri mbali zaidi ili iwe betri, halafu betri inarudi Bel-Air kutuuliza umeme uko wapi.

Shemeji alitafuta jibu. Alichukua jenereta ya depo, grupu tunavyoiita, akaileta nyumbani. Ile grupu ndogo ilinguruma siku nzima uani, ikinywa petroli ya kadhafi, ili gari lisilojua kadhafi lipate kula. Nilipiga hesabu kwenye bahasha: kulijaza gari lote kungetaka kama lita arobaini. Gari lake la zamani, sedani ya Kijapani aliyoiuza kwa sababu ya ulafi, lilikuwa likienda nazo umbali ule ule. Bahasha hiyo sikumwonyesha. Ila niliona jambo moja: asubuhi hizo, grupu ikinguruma uani, shemeji alikuwa na furaha. Angalau kitu fulani katika gari lake kilikuwa kinasikika. Siku ya tisa grupu ikakohoa mara mbili, ikafa.

Pigo la kobalti lilikuja katikati ya furaha. Binti yao alifaulu Examen d'État, tukammwagia poda nyeupe kichwani kama desturi, tukajimwagia na sisi, na shemeji, suti yake yote imekuwa unga, akasimama kando ya gari kutoa ile hotuba ya jiwe lililorudi nyumbani. Alikuwa ameirefusha. Sasa ilikuwa na mababu ndani yake. Miongoni mwa wageni alikuwepo kijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwanafunzi wa politekiniki, mwenye adabu nyingi. Alingoja makofi yaishe.

"Papa, pardon. Hii betri haina kobalti."

Shemeji akatabasamu, kama unavyomtabasamia mtoto. "Haina mingi?"

"Haina hata ya kuziba jino, papa. Ni chuma na fosfati, pamoja na lithiamu. Wameiita Blade, kwa sababu seli zake ni ndefu na nyembamba kama panga. Walipoitoa mwaka 2020 waliipigilia msumari mbele ya watu ikakataa kuwaka. Na ndiyo hii Han ilikuwa ya kwanza kuwekewa. Siku hizi zaidi ya nusu ya magari ya umeme ya China yana betri za chuma namna hii."

"Kobalti walikataa juu ya nini?"

"Ni ghali, papa. Tena inatoka mbali."

"Inatoka wapi?" akauliza mjomba mmoja ambaye masikio yake yamezeeka.

"Hapa," akasema kijana.

Poda ilikuwa ikimdondoka shemeji begani taratibu. Nilikumbuka niliposoma kwamba jina kobalti limetokana na neno la wachimbaji wa Kijerumani wa zamani, kobold, zimwi la mgodini: walikuwa wakichimba wakitumaini fedha, wakayeyusha jiwe, likawatolea moshi wa sumu na fedha isionekane. Wakasema zimwi limewabadilishia mali. Nilitaka kumsimulia shemeji ili ajue kwamba hayuko peke yake, nikakumbuka Jenatzy, nikanyamaza.

Yule kijana, mtoto wa watu kweli, aliona alichofanya. "Lakini shaba imo, papa," akaongeza haraka. "Shaba mingi. Motoka ya umeme inabeba kama kilo themanini. Ya petroli, ishirini na kitu tu." Shemeji akainua uso. Kesho yake alfajiri nilimsikia akimweleza mwosha magari habari za misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliiyeyusha kabla Mbelgiji hajaijua njia ya kuja huku.

Halafu mwezi wa Januari, usiku wa mvua kubwa, kabini ya umeme ya upande wa depo ikalipuka. Dada yangu alinipigia simu saa kumi na moja asubuhi. Mafriji matano ya zamani, yamejaa tomson hadi juu, na grupu ya depo, ambayo ingeyaokoa, ilikuwa maiti uani Bel-Air. Hakunilaumu mimi wala hakumlaumu shemeji, na hilo lilitutisha zaidi. Alisema tu, "Muniletee motoka."

Tulidhani anataka kuhamisha samaki. Lakini dada yangu alikuwa ameshaongea na yule jirani mkalimani. Kumbe katika begi lililokuja na gari kulikuwa na kidude chenye mkia wa waya, ambacho watoto walikuwa wakikichezea kama bunduki. Maandishi yake ya Kichina, ambayo mtu wa lugha hakuweza kuyasoma, yalisema kinatoa umeme garini na kuuleta nje. Upande mmoja unachomekwa gari, upande wa pili unachomeka unachotaka.

Gari lilikuwa na asilimia 84, mavuno ya wiki tatu za kuamka saa nane. Nilipita barabara zilizogeuka mito, nikalikwaruza tumbo kwenye tuta ambalo vijana wa mtaa walilijenga wenyewe kuwapunguza mwendo watu kama shemeji, nikaliingiza depo kinyumenyume. Dada yangu akachomeka. Mafriji matano yakapumua kwa pamoja. Ulikuwa mvumo mzuri ambao sijawahi kuusikia, na kwa mara ya kwanza gari la shemeji lilisikika mtaa mzima, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa kimya.

Umeme ulikaa siku mbili na nusu bila kurudi. Ng'ambo, Land Cruiser ilinguruma dakika zake tano, lakini mngurumo haugandishi samaki. Siku ya pili mwenyewe alivuka barabara kwa miguu, kofia mkononi, kuomba nafasi ya makatoni yake thelathini. Dada yangu alimpa, kwa bei. Shemeji alisimama mlangoni mikono nyuma, na sijawahi kumwona mtu aliyeridhika namna ile akiwa hana gari la kurudia nyumbani.

Umeme uliporudi gari lilikuwa limebaki na asilimia sita. Shemeji alinyoosha mkono apewe funguo. Dada yangu alikuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge. "Mafriji ulienda kununua sita," alisema. "Hili ni la kwanza." Tangu hapo gari linalala depo, waya umechomekwa, linakunywa umeme ukija na kuutapika ukikatika, na shemeji huja kazini kwa teksi, Ist ya mkono wa kulia, akibanwa na watu wanne nyuma.

Wiki iliyopita nilikuwa pale nikiandika bei kwenye ubao, kwa Kiswahili bora, wakati mama mmoja mnunuzi aliposimama mbele ya mlango. Gari limeegeshwa mgongo nje, hivyo kabla hajaona ubao wangu aliona namba ile ya fedha.

"Yaya, tomson ni dola 3.9 kwa kilo? Si jana ilikuwa tatu na nusu?"

Dada yangu aligeuka, akaitazama namba. Akawatazama samaki. Akautazama ubao wangu, akauchukua, akaugeuzia ukutani.

"Njo vile, mama," akasema. "Njo vile."